Ruta Yetu ya Kwanza, na Bando Lililokwisha kwa Siku Moja

Ukurasa wa familia mwezi huu unaingia katika jambo ambalo miaka michache nyuma hatungeliandika kabisa: ruta ya intaneti ndani ya nyumba ya udongo. Sisi tunaoandika ni familia tatu za uwanja mmoja hapa Nakivale, upande wa New Congo, na ruta hiyo tuliinunua pamoja kwa pesa ya kilimba. Tulidhani shida kubwa ni kuipata hiyo pesa. Kumbe shida yenyewe ilikuwa inatungoja nyumbani.

Tuanze na sababu. Binti wa nyumba ya katikati alipata nafasi ya kusoma kozi ya mwaka mmoja kwa njia ya intaneti. Kila Jumapili, kabla ya saa sita za usiku, lazima awe ametuma kazi yake ya wiki. Akikosa mara tatu anaondolewa, na nafasi inapewa mwingine. Miezi miwili ya kwanza alikuwa anatembea mpaka Base Camp na laptopu mgongoni, anatafuta mahali pa kununua intaneti kwa saa, halafu anarudi gizani. Mama yake alikuwa halali mpaka asikie mlango. Wazazi wenye mabinti wanatuelewa hapa bila maelezo.

Basi wawili wetu wakapanda gari kwenda Mbarara kununua. Muuzaji alituuliza, "Mnataka ya waya au ya laini?" Swali zuri, juu wengi hawalijui. Ruta ya waya inangoja kampuni ikuletee waya mpaka nyumbani, na huku kwetu huo waya haufiki. Ya laini ndiyo ya watu kama sisi: unaingiza laini kama ya simu, inakamata mnara, halafu inagawa intaneti kwa simu na kompyuta za nyumbani.

Alituonyesha moja iliyotumika, bei nusu. Tulikuwa tumeshafungua pochi, lakini kijana wetu akasema tujaribu kwanza na laini yetu mulemule dukani. Tukaingiza. Ikawaka, taa zote nzuri, ila intaneti hakuna. Ilikuwa imefungwa kwa mtandao mwingine, haikubali laini ya nje. Muuzaji akacheka tu, akairudisha kwenye kabati. Tukaongeza pesa, tukachukua mpya isiyofungwa, na tukaijaribu vilevile kabla ya kulipa.

Kuhusu laini tuseme kidogo. Mwaka 2019 serikali ya Uganda iliruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi au karatasi ya atesteshoni. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa na laini za majina ya watu wengine, na siku laini imepotea au imefungwa, mwenye jina umtafute wapi? Laini ya ruta iandikwe kwa jina la mtu anayeishi humo nyumbani. Jambo la pili: ile laini ndogo sana ya simu za siku hizi usiisukume katika tundu kubwa bila fremu yake ya plastiki. Itaingia, lakini kutoka itakataa. Na kama laini ina namba ya siri ya kufungulia, iweke kwanza kwenye simu uiondoe hiyo namba.

Umeme ulitusumbua kuliko tulivyotazamia. Adapta yetu imeandikwa 12V 1A, maana yake haipiti wati 12, na kwa kawaida ruta inakula kama wati 6. Kidogo sana, tukasema. Lakini ruta haipumziki kama taa. Wati 6 kwa saa 24 ni 144. Betri yetu ya sola ni ya volti 12 na Ah 20, yaani wati-saa 240 ikiwa mpya na imejaa, na betri ya asidi haifai kushuka chini ya nusu. Nusu ni 120. Kwa hiyo ruta peke yake, ikiachwa mchana na usiku bila jua, inaimaliza betri, na taa za watoto za kusomea hazipati kitu. Fundi pia alitukataza kuifunga moja kwa moja kwenye betri, maana jua likikolea betri inayochajiwa inapanda mpaka volti 14 na zaidi. Aliweka kifaa kidogo cha kushikilia volti 12, akaangalia mchoro wa chanya na hasi kwenye kibandiko cha ruta kabla ya kuchomeka. Tulimlipa, na hatujuti.

Tulipoiwasha ndani, simu zote zilionyesha waifai imejaa, lakini hakuna kilichofunguka. Papa wa nyumba ya kwanza akaanza kusema tumeibiwa. Hapo ndipo tulielewa kitu ambacho hakuna aliyetueleza dukani: ruta ina masikio mawili. Sikio moja linasikiliza mnara, jingine linasikiliza simu zenu. Ile alama ya waifai kwenye simu inakuonyesha umbali wa simu na ruta tu. Haisemi chochote juu ya mnara. Ya mnara unaitazama kwenye taa za ruta yenyewe. Na sisi tulikuwa tumeiweka juu ya kabati, katikati ya nyumba, chini ya mabati. Mabati yanarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Tukaisogeza dirishani, upande unaoangalia mnara, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Taa moja ikawa tatu. Palepale intaneti ikaingia, watoto wakapiga makofi.

Kuna na ile habari ya 2.4 na 5. Ruta nyingi zinatoa mawimbi ya aina hizo mbili. Ya 5 ina mbio lakini ukuta wa udongo unaichosha, ya 2.4 ni ya polepole ila inafika mbali. Nyumba ya tatu, iliyo mwisho wa uwanja, inatumia 2.4, na haijalalamika.

Nyuma ya ruta kuna kibandiko: jina la waifai, paswadi yake, na anwani ya namba, kwa mfano 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ukiwa umeunganishwa, andika hizo namba pale unapoandikaga anwani ya tovuti, utaingia kwenye ukurasa wa ruta yenyewe. Huko kuna paswadi mbili tofauti, na watu wengi wanazichanganya. Moja ni ya waifai. Nyingine ni ya kuingilia ukurasa, na mara nyingi kiwandani wameweka neno admin tu, ambalo kila kijana mjanja analijua. Tulibadilisha zote mbili, tukachagua ulinzi wa WPA2, na tukazima kile kitufe cha WPS kinachomuingiza mtu bila paswadi. Kutafuta jina la waifai kulichukua muda kuliko hayo yote, kwani kila nyumba ilitaka jina lake. Mwishowe tuliandika "Uwanja".

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Tuliweka bando la mwezi la 10 GB. Bando siyo kitu rahisi kwetu. Kuanzia Julai 2018 kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya bei ya data. Kila gigabaiti tunaihesabu. Usiku ule kwa furaha hatukuizima ruta. Kesho yake, Jumamosi, jua lilikuwa kali, binti akachomeka laptopu kwenye sola ichaji, akaenda kufua. Saa kumi na moja jioni ujumbe ukaingia: bando limekwisha.

Hatukuamini. 10 GB ya mwezi mzima, siku moja na kidogo! Na kazi ya binti ilikuwa bado haijatumwa.

Sasa tuandike bila kuficha tulichofanya. Mchana ule kijana wa jirani, anayelelewa na shangazi yake, alionekana amekaa chini ya mwembe karibu na ukuta wetu na simu mkononi. Mtoto wetu mdogo ndiye aliyempa paswadi. Papa wa nyumba ya kwanza akamuita mbele ya watu. "Wewe ndiye umekula megabaiti zetu." Kijana akasema, "Papa, mimi nimesoma ujumbe tu. Simu hii, itazame." Hakuna aliyeitazama. Tulimfukuza. Shangazi yake alikuwa anapepeta mchele pale ng'ambo, hakusema neno, akaingia ndani.

Jumapili baada ya ibada, binti alisema, kwa heshima lakini kwa nguvu, kwamba kila simu ina mahali pa kuandika matumizi ya data, tuangalie zote kabla ya kusema zaidi. Tukakaa kwenye mkeka na kalamu. Laptopu yake mwenyewe: 5.4 GB. Ilikuwa ya mkono wa pili, yenye Windows ambayo haikuwa imepata masahihisho kwa muda mrefu. Ilipoona waifai ilianza kujishushia kila kitu, kimyakimya, wakati yeye anafua. Simu ya papa yuleyule aliyepiga kelele: 2.3 GB, programu zake zote zilikuwa zimejiongeza upya usiku na picha za miaka minne zimepanda mtandaoni kuhifadhiwa. Simu mbili za akina mama, 1.2 GB, nyingi ni video za magrupu ya WhatsApp zilizoshuka bila kufunguliwa. Watoto na katuni zao, 0.9. Tukamuita kijana. Alileta simu bila kinyongo usoni. Yeye: megabaiti 90.

Papa alinyamaza muda.

Maelezo yake ni haya. Simu ikitumia data ya laini yake, inajibana, inajua kila megabaiti ina bei. Ikiona waifai inadhani iko kwenye nyumba ya mtu mwenye intaneti isiyo na mwisho, basi inaachia kila kitu: programu kujisasisha, picha kupanda, video kushuka. Simu haijui kwamba nyuma ya waifai yetu kuna laini na bando dogo. Lazima uiambie. Kwenye simu nyingi za Android ingia kwenye waifai, gusa jina la ruta yako, tafuta palipoandikwa "metered" uchague. Kwenye Windows pia fungua mali za waifai hiyo, washa "metered connection". Simu za iPhone zinaita "Low Data Mode". Halafu WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote za kushusha picha na video ukiwa kwenye waifai. Duka la programu nalo uliambie lisijisasishe lenyewe. Tuliyaandika haya kwenye karatasi, ikabandikwa ukutani, na mgeni haunganishwi kabla ya kuisoma.

Ila Jumapili ile bando halikuwepo, na pesa ya kilimba ilikuwa imekwisha. Saa mbili za usiku papa wa nyumba ya kwanza na mama wa nyumba ya katikati walikwenda kwa shangazi wa kijana. Mama huyo aliwapa viti. Papa akasema, "Mama, tumekuja kuomba msamaha. Mtoto wako tulimuonea, na tulimuonea mbele ya watu." Shangazi akajibu, "Kama mlisema mbele ya watu, mkaseme mbele ya watu." Haki yake. Kesho yake asubuhi papa alisema, bombani, watu wakiwa kwenye foleni ya maji.

Lakini usiku uleule, kabla hawajaaga, kijana aliuliza kama yaya ameshatuma kazi yake. Alikuwa na bando la 300 MB kwenye simu. "Yaya, leta masini," akasema, akafungua hotspoti. Binti alitaka kuunganisha haraka, saa zilikuwa zinakwenda, lakini kijana akamshika mkono: "Ngoja, iambie kwanza." Kweli, ile laptopu ingezimeza 300 zote kwa dakika chache kabla ya kazi kutoka. Wakaweka ile alama, ndipo wakaunganisha. Kazi yenyewe haikufika hata megabaiti mbili. Ilitoka saa nne na dakika arobaini.

Siku hizi ruta inawashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa nne, isipokuwa Jumapili. Paswadi ya waifai tunaibadilisha kila bando jipya. Ile ya kuingilia ukurasa anayo binti na huyo kijana, ambaye ndiye anaangalia orodha ya simu zilizounganishwa na kutusomea salio. Jana alisema tumebakisha 3 GB, na mwezi uko na siku nane.