Nguzo za chuma juu ya lava: namna ya kuzisimamisha zisianguke

Mulimaji wa Masisi akitaka kusimamisha nguzo ya uzio, anachimba tu. Shimo linafika magotini, anaingiza nguzo, anashindilia udongo, kazi imekwisha. Mulimaji wa Kanyaruchinya anachimba shubiri moja ya udongo mweusi, kisha jembe linalia: ngaa! Chini ni jiwe. Anahama hatua mbili, anajaribu tena, na safari hii jembe linazama mpaka mupini. Hatua nyingine mbili, anakuta kokoto tupu zinazomwagika kama makala ndani ya gunia. Shamba ni moja, udongo ni wa aina tatu.

Sababu wote tunaijua, inatutazama toka juu. Nyiragongo ilipasuka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Kila mara lava ilishuka ikijaza mabonde na kuacha visiwa vya udongo wa zamani katikati. Ile ya 2021 ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, mulangoni mwa muji wa Goma. Ndiyo maana jirani wawili wanaweza kulima maharagi ya mbegu moja, mumoja akalima kwenye udongo wa kina na mwingine juu ya sahani ya jiwe.

Zamani uzio wetu ulikuwa wa miti, ao wa mawe yaliyopangwa. Miti imekuwa haba: nguzo ikikaa usiku mbili tatu bila mulinzi inageuka kuni. Kwa hiyo kooperative nyingi sasa zinanunua nguzo za chuma, tiyo ao kornieri, pamoja na waya wa miiba ao griyaji. Chuma ni bei. Nguzo ikilala kisha mvua ya kwanza, waya wote unalegea, mbuzi wanaingia, na maharagi yanaliwa wiki mbili mbele ya kuvunwa. Kisha hapo mwenye shamba na mwenye mbuzi wanaenda mbele ya chefu. Tumeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika juu ya nguzo moja iliyoinama.

Katika kurasa hizi tunataka kusema neno moja: juu ya lava, nguzo haisimami sababu imeenda chini sana. Inasimama sababu imeshikwa vizuri. Basi mbele ya kununua kitu, ujue kila nguzo itashikwa na nini.

Mbele ya yote: mupaka na usalama

Nguzo iliyojengwa na simenti ni kama sahihi kwenye karatasi, haifutiki haraka. Hapa kwetu alama nyingi za zamani zilifunikwa na lava, na miaka ya vita iliondoa watu kwenye mashamba yao. Mwanzoni mwa 2025 kambi za wakimbizi kuzunguka Goma zilivunjwa na wengi wakarudi kulima. Usimwage simenti mbele jirani wa pande zote hawajatembea pamoja na wewe kwenye mustari, chefu akiwepo. Funga kamba, wote waione, muandike majina ya waliokuwepo. Nusu siku ya maneno ni bei ndogo kuliko kung'oa nguzo kumi.

Neno la pili. Kanyaruchinya ilipita katika mapigano ya 2012 na 2013, na tena kuanzia 2022. Unapochimba ukikuta chuma usichokijua, usikiguse, usikipige, usikitupe mbali. Simama, rudi kwa njia ile ile uliyokuja nayo, weka alama inayoonekana kwa mbali, fukuza watoto, umwambie chefu. Kazi ya nguzo itangoja.

Pima chini kila hatua tatu

Ukiisha kufunga kamba, pita na baramini. Kila metre tatu, pale nguzo itakaposimama, piga mara tano sita. Weka alama kwa kijiti ao chokaa, na uandike:

U – udongo. Baramini inazama sentimetre 60 ao zaidi.
J – jiwe zima. Baramini inaruka, sauti ni kavu.
K – kokoto na mawe yaliyovunjika. Baramini inaingia kidogo, inakwama, mawe yanacheza.

Sikiliza sauti vizuri. Jiwe likitoa sauti ya ngoma, ni ganda jembamba na chini yake kuna shimo. Lava inaacha mapango namna hiyo inapopoa. Usisimamishe nguzo pale, songa nusu metre mbele ao nyuma. Ganda likivunjika na shimo likafunguka, usiingize kichwa wala kumushusha mutoto ndani. Mazuku, ile hewa mbaya isiyoonekana, tunaijua zaidi kandokando ya ziwa upande wa magharibi wa Goma, lakini hewa hiyo inapenda kukaa katika mashimo, na haina harufu ya kukuonya.

Nguzo kwenye udongo (U)

Kanuni ya mafundi ni theluthi: nguzo yenye kutoka juu metre 1 na sentimetre 20 iwe na sentimetre 60 chini. Shimo liwe na upana wa sentimetre 30, na chini lisiwe jembamba kuliko juu.

Tiyo laini inaweza kung'oka kama karoti. Mbele ya kuiingiza, ipe mukia: kata mwisho wake na musumeno sentimetre 10, ukunje pande mbili nje kama mukia wa samaki. Kama fundi wa kuchomelea yuko karibu, achomelee kipande cha ferabeto cha sentimetre 20 kikikata nguzo kama musalaba. Chini ya shimo weka mawe madogo ili maji yapite.

Kwa nguzo za kawaida, simenti si lazima. Panga mawe ya volkano kuzunguka nguzo, yale yenye kona kali, yanashikana kuliko ya muviringo. Jaza udongo kati yake, shindilia kila sentimetre 15, kisha ongeza tena. Mutu anayejaza shimo lote halafu anashindilia mara moja, anashindilia juu tu, chini kunabaki kulegea.

Nguzo kwenye jiwe zima (J)

Hapa wengi wanakosa tumaini, lakini jiwe zima ndilo linaloshika kuliko yote. Hatuchimbi shimo la nguzo, tunachimba shimo la chuma kidogo kitakachoibeba.

Chukua tindo na nyundo kubwa. Piga, zungusha tindo kidogo, piga tena. Tafuta shimo la upana wa sentimetre 4 na kina cha sentimetre 25. Vaa miwani, ao kitu chochote cha kukinga macho: vipande vya lava vinakata kama chupa. Shimo likiisha, toa vumbi lote. Puliza kwa kipande cha tiyo ndogo huku umefunga macho, sugua na brosi, kisha losha kwa maji kidogo. Vumbi likibaki, simenti itashika vumbi, haitashika jiwe.

Changanya simenti kipimo kimoja na muchanga laini kipimo kimoja, maji kidogo tu, iwe kama ugali mwepesi. Jaza nusu ya shimo, kisha sukuma ndani ferabeto ya milimetre 16 ukiizungusha, mpaka mchanganyiko upande wenyewe na kutoka juu. Ukianza na ferabeto halafu ukamwaga simenti, hewa inabaki chini. Acha ferabeto itokee juu sentimetre 50.

Siku inayofuata, kama nguzo yako ni tiyo, ivalishe juu ya ferabeto na ujaze nafasi ya ndani kwa mchanganyiko ule ule. Kama ni kornieri, ichomelee kwenye ferabeto sehemu mbili, chini na juu. Mufuko moja wa simenti unatosha nguzo nyingi sana za namna hii.

Nguzo kwenye kokoto (K)

Hapa shimo linajijaza lenyewe, na beto inapotea kati ya mawe kama maji. Usishindane nalo. Jenga kikapu.

Ondoa kokoto za juu mpaka upate mahali palipotulia. Simamisha nguzo, na mukia wake ukunjwe kama tulivyosema. Izungushie griyaji imara yenye upana wa sentimetre 80 toka upande mumoja mpaka mwingine, na urefu wa sentimetre 90. Jaza mawe kwa mukono, jiwe kwa jiwe: makubwa nje, madogo ndani, bila kutupa. Kikapu kama hicho kinapita kilo 400. Mbuzi akiegemea nguzo, anaegemea kilo hizo zote.

Wazee wetu waliijua nguvu ya mawe yaliyopangwa bila simenti. Hata leo, ng'ambo katika Rwanda, ukuta wa mawe ya volkano wenye urefu wa zaidi ya kilometre 70 unazunguka mbuga ya Volkano kuzuia nyati wasishuke mashambani. Jiwe linalotusumbua ndilo hilo linaloweza kutulinda.

Fedha iende kwenye kona

Nguzo za katikati zinabeba waya tu. Nguzo za kona na za mulango ndizo zinavutwa usiku na muchana. Nguzo ni kama baramini: nguvu kidogo juu inakuwa nguvu kubwa chini. Kona ikiinama shubiri moja, uzio wote unalala.

Fanya hesabu ya shamba la metre 50 kwa 40. Muzunguko ni metre 180. Ukiweka nguzo kila metre tatu, ni nguzo 60. Ukimwaga beto kwenye kila moja, kwa shimo la sentimetre 30 kwa 30 na kina cha 60, mufuko moja wa simenti wa kilo 50 unafika nguzo tatu hivi. Hiyo ni mifuko 20. Lakini ukiweka beto kwenye kona nne na nguzo mbili za mulango peke yake, ni mifuko miwili. Ongeza moja ya ferabeto za kwenye jiwe na moja ya akiba: mifuko minne. Zingine zinashikwa na mawe, na mawe tunayo bure.

Beto ya kona iwe simenti kipimo kimoja, muchanga viwili, gravie vinne. Kila nguzo ya kona iwe na mategemeo mawili, vyuma vya kuinama, moja kwa kila upande waya unapoelekea. Mguu wa tegemeo usikae juu ya udongo mutupu: uweke juu ya jiwe pana lililozikwa, ao ushikwe na ferabeto kama ni J. Kwenye mustari mrefu, weka nguzo yenye mategemeo kila metre 40 hivi.

Ufunike beto kwa gunia lenye maji na uiloweshe asubuhi na jioni muda wa siku saba. Usikaze waya mbele ya siku hizo. Waya uliokazwa siku ya pili ndio unaoua kona nyingi.

Mvua yetu inakula chuma

Tunajua namna manjanja yanavyooza haraka hapa. Moshi wa volkano ukichanganyika na mvua unaleta asidi, na asidi inakula chuma. Nguzo haiozi juu, inaozea pale inapokutana na udongo, na siku moja inakatika kama muwa. Kwa hiyo paka rangi ya kuzuia kutu mbele ya kusimamisha, zaidi kiasi cha mukono moja juu na chini ya usawa wa udongo. Beto itokee juu ya udongo sentimetre 5, na uso wake uteremke pande zote ili maji yasikae. Ziba mudomo wa tiyo kwa simenti ao kifuniko. Tiyo iliyo wazi inajaa maji na kuoza toka ndani, bila wewe kuona.

Kazi ya pamoja

Baramini moja, tindo mbili, nyundo moja, nivo moja na musumeno moja: vyombo hivi vinatosha kooperative nzima vikizunguka kwa zamu. Watu watano wakifanya pamoja, wawili wanachimba, mumoja anachanganya, wawili wanapanga mawe. Muda mzuri ni Juni mpaka Agosti, mvua ikiwa imepungua na mbegu za Septemba bado hazijaingia udongoni.

Mbele ya kufunga waya, jaribu kila nguzo. Mutu mukubwa aisukume kwa bega, kwa nguvu, pande nne. Kama mguu wa nguzo unacheza kiasi cha kidole, itoe na uirudilie. Siku hiyo itakuuma kidogo. Ukiiacha, mbuzi watafanya jaribio hilo kwa nafasi yako, na watachagua wiki maharagi yamekomaa.