Kwa Nini Umeme wa Kigoma Unahitaji Msongo wa Kilovoti 400

Kwa miaka mingi, Manispaa ya Kigoma/Ujiji na wilaya jirani zilitegemea umeme wa mitambo ya dizeli, ambayo mafuta yake yalisafirishwa kutoka mbali kwa gharama kubwa. Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani humo, alizindua uunganishaji wa Kigoma na Gridi ya Taifa kupitia kituo cha Nyakanazi, mkoani Kagera.

Hatua hiyo ya awali ilitumia njia ya msongo wa kilovoti 33. Mpango wa kudumu ni njia ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kidahwe, yenye urefu wa takriban kilomita 280. Sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya waya wenyewe.

Umeme ni mwendo wa chembe ndogo sana ziitwazo elektroni. Katika waya wa alumini, elektroni hazipiti bila kikwazo: hugongana na atomi zinazotikisika, na kila mgongano hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto linalopotelea hewani. Njia ikiwa ndefu, upotevu huongezeka na msongo hushuka. Ndiyo maana mteja aliye mwisho wa njia huona taa zikififia na jokofu la samaki likishindwa kugandisha.

Upotevu huo hufuata mraba wa mkondo. Kwa kiasi kilekile cha umeme, kupandisha msongo kutoka kilovoti 33 hadi 400 hupunguza mkondo takriban mara 12; kwa waya uleule, joto linalopotea hupungua zaidi ya mara 140. Vituo vya kupoza umeme ndivyo huushusha tena msongo kabla haujafika majumbani.

Wanasayansi wanatafuta pia vipitishi bora zaidi. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitenga grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, lililopangika mithili ya sega la asali. Ndani yake elektroni husafiri umbali mrefu zaidi bila kugongana. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Grafini hupatikana kutokana na madini ya kinywe, ambayo Tanzania inayo katika maeneo ya Mahenge na Ruangwa.

Hata hivyo, sifa hiyo huonekana katika vipande vidogo vilivyo safi mno, na bado haijawezekana kuihamishia kwenye waya wa mamia ya kilomita. Kwa wavuvi wa Kibirizi, wasindikaji wa mawese na hospitali za mkoa, njia iliyopo ya kupunguza upotevu ni msongo mkubwa. Wananchi wanaoishi kando ya njia hiyo wanao wajibu wa kutojenga wala kuchoma moto ndani ya mkuza wake, kwa usalama wao na wa huduma inayowafikia wote.