Ruhusa ya Kuigiza Si Ruhusa ya Kubadilisha

Samuel Beckett alielekeza kwamba tamthilia yake ya Endgame ichezwe katika chumba kitupu chenye madirisha mawili madogo. Desemba 1984, mjini Cambridge, Massachusetts, mwongozaji JoAnne Akalaitis aliihamishia kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi iliyotelekezwa, pamoja na behewa lililoungua na muziki wa Philip Glass. Ugomvi haukuwa juu ya mazungumzo ya wahusika. Beckett aligombea chumba chake.

Wanasheria walisuluhishana kabla pazia halijafunguliwa. Onyesho liliendelea, ila watazamaji walikuta kwenye kijitabu chake tamko la mwandishi mwenyewe akiukana mchezo waliokwisha kuulipia. Sijui adhabu kali kuliko hiyo kwa mwongozaji.

Miaka minne baadaye, huko Haarlem, Uholanzi, kundi moja liliwapa wanawake nafasi zote katika Waiting for Godot. Beckett alikataa, akashindwa mahakamani: jaji aliona kwamba maandishi na maelekezo yamefuatwa. Mzee akakasirika, akapiga marufuku tamthilia zake kuchezwa Uholanzi nzima. Mwaka uliofuata alifariki.

Katika kesi ya Haarlem niko upande wa jaji. Mwigizaji kazi yake ni kuwa mtu asiye yeye. Mwanamke akimwigiza mwanamume hajafuta hata nukta. Lakini stesheni ya Cambridge ni jambo jingine. Katika mchezo wenye maneno machache kama ule, ukuta mtupu nao ni maandishi.

Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, uliongezewa mwaka 1928 kifungu kinachompa mwandishi haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Haki hiyo anabaki nayo hata akishauza hakimiliki. Kwa hiyo kikundi kilicholipia kibali cha kuonyesha hakijanunua kalamu ya kufuta onyesho la tatu, kuwaunganisha wahusika wawili au kubuni mwisho wa furaha.

Anayetaka kukatakata atakavyo, Shakespeare yupo; hakimiliki haimlindi tena. Kwa tamthilia ya mwandishi aliye hai, mwandikieni kabla ya mazoezi kuanza, mtaje kila badiliko, na jibu lake mlipate kwa maandishi. Akikataa, tafuteni tamthilia nyingine au andikeni ya kwenu.