Kishikwambi Kinapogoma Kuchaji Katika Unyevu wa Rungwe

Tangu Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya Agosti 2022, ambayo makarani wake walitumia vishikwambi na baada yake vifaa hivyo vikagawiwa walimu, kishikwambi kimekuwa chombo cha kazi katika shule nyingi za serikali, na kinapokataa kuingiza chaji lawama ya kwanza huangukia betri. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Kati ya soketi ya ukutani na betri kuna chaja, waya, tundu la kuchajia na saketi ya kudhibiti chaji, yaani vijisehemu vya ndani vinavyoamua umeme kiasi gani uingie, na hitilafu hutokea zaidi katika sehemu za nje, ambazo ni rahisi kupima na nafuu kubadilisha.

Kazi ya chaja ni kushusha umeme wa volti 230 hadi volti 5 hivi, lakini volti peke yake haitoshi, kwa kuwa kasi ya kujaza betri hutegemea pia ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwa wakati mmoja. Chaja ya simu ndogo inayotoa nusu ampea, ikichomekwa kwenye kishikwambi kinachohitaji ampea 2, huweza kuonyesha alama ya kuchaji huku asilimia zikishuka, hasa kioo kikiwa kinawaka. Na ndivyo inavyokuwa kwa paneli ndogo ya sola inayounganishwa moja kwa moja siku ambayo ukungu umeufunika Mlima Rungwe tangu asubuhi. Kipimo cha kuaminika ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, kwanza soketi, kisha waya, kisha chaja, kwa kuwa anayebadilisha vyote kwa pamoja hatajua kilichokuwa kibovu.

Mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, uko kwenye miinuko inayozidi mita 1,500, katika eneo ambalo sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hapo ndipo tundu la kuchajia linapostahili kuchunguzwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Likimulikwa kwa tochi, mara nyingi huonekana vumbi na nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa na kichwa cha waya hadi zikawa tabaka gumu, kiasi kwamba waya hauzami hadi mwisho na huchomoka ukiguswa kidogo. Tabaka hilo hunyonya unyevu, na umeme unapopita kati ya pini mbili zilizolowa, madini ya pini huliwa na kuacha ukoga wa kijani. Uchafu huo utolewe kwa kijiti cha meno kikavu, kifaa kikiwa kimezimwa, wala isitumike sindano, ambayo hupinda pini au kusababisha shoti.

Baadhi ya vifaa huonyesha alama ya tone la maji na kukataa chaji kwa makusudi, jambo ambalo ni kinga, si ubovu. Kifaa cha namna hiyo kizimwe, kiinamishwe tundu likiangalia chini, na kiachwe mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko la mkaa. Kukifukia ndani ya mchele, hata uwe wa Kyela, hakusaidii, kwani vumbi la wanga na chenga huingia tunduni.

Baridi nayo husingiziwa. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, na Julai ya Tukuyu mjini, pamoja na ukali wake, haifiki huko. Kinachotokea zaidi ni kifaa kukaa kabatini likizo nzima hadi betri ikaisha kabisa, na hapo saketi huanza kuilisha polepole mno. Kiachwe kwenye chaja nzuri saa moja au zaidi kabla ya kuhukumiwa. Betri iliyovimba haijaribiwi kabisa, wala haitobolewi.

Iwapo chaja, waya na soketi vimethibitika kuwa vizima, tundu ni kavu na safi, na bado hakuna dalili, tatizo liko ndani na ni la fundi. Mwenye kifaa amtake fundi apime kwa mita kama volti 5 zinafika nyuma ya tundu, na amwonyeshe kipimo hicho kabla ya kumuuzia betri mpya.