Ethi ya Gari na Hila za Chaji

Umeme wa gari huenda kwa waya na kurudi kwa chuma. Kila balbu, honi na mota ina waya unaouleta mkondo kutoka upande chanya wa betri, lakini waya wa kuurudisha mara nyingi huishia hatua chache tu mbele, kwenye bolti iliyokazwa katika bodi, na kutoka hapo bodi yenyewe ndiyo inayoufikisha mkondo upande hasi. Njia hiyo ya kurudia ndiyo mafundi waiitayo ethi. Mpango huu huokoa shaba nyingi na umekubalika duniani kote, ijapokuwa magari mengi ya Uingereza hadi miaka ya 1960 yaligeuza mambo, upande chanya ukafungwa kwenye bodi. Ubaya wake ni kwamba chuma kinachobeba umeme ndicho hicho hicho kinacholowa mvua, kinachoshika kutu na kupigwa rangi upya baada ya ajali.

Injini nayo haigusani na bodi kama inavyodhaniwa, kwa sababu imekalia vishikizo vya raba vinavyozuia mtikisiko usiwafikie abiria, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo huwekwa waya mnene, aghalabu uliosukwa bapa, unaoiunganisha injini na bodi au moja kwa moja na betri. Waya huo ukikatika, mkondo wa staata, ambao katika gari dogo la petroli hufikia ampea 150 au 200, haukubali kukwama bali hutafuta upenyo mwingine, na mara nyingi upenyo huo huwa kebo ya akseleta au ya klachi, ambayo hupata moto hadi ganda lake la plastiki likayeyuka. Mwenye gari hununua kebo mpya, nayo ikaungua vilevile.

Kinachoifanya ethi mbovu iwe ngumu kugunduliwa ni kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, isemayo kwamba volti zinazopotea katika kipande chochote cha njia ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani, yaani kiasi ambacho kipande hicho kinaupinga umeme kupita. Tuseme kutu chini ya bolti imeleta ukinzani wa omu 0.01. Balbu ya breki, inayovuta chini ya ampea 2, itapoteza hapo volti 0.02, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Staata ikivuta ampea 200 kupitia bolti hiyo hiyo, zitapotea volti 2 nzima, na injini itazunguka kwa uvivu kana kwamba betri imekufa. Taa ya majaribio ikiwaka vizuri, basi, haijathibitisha lolote, na hata multimita ikiwekwa upande wa omu haisaidii, maana nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo unaotafutwa.

Kipimo cha kuaminika ni kile kinachofanywa umeme ukiwa kazini. Multimita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, ncha moja ikagusa chuma kitupu cha injini na nyingine ikagusa kichwa hasi cha betri chenyewe, yaani ile risasi iliyochomoza, wala si terminali iliyokibana, kisha mtu mwingine akapiga staata. Ikisomeka zaidi ya nusu volti, njia ya kurudia ina kasoro, na ncha husogezwa hatua kwa hatua, kutoka kichwa hadi terminali, kutoka terminali hadi bodi, kutoka bodi hadi injini, mpaka kipande kinachokula volti kijulikane. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi, mara nyingi huwa ni ule ungaunga wa kijani au mweupe kwenye maungio. Katika gari lililonyooshwa bodi, huwa ni rangi iliyopuliziwa mahali pa kukazia ethi. Msasa mpaka chuma king'ae, bolti ikazwe, kisha grisi ipakwe juu yake: dawa ni rahisi kuliko uchunguzi.

Upande wa chaji, mambo huchanganyika zaidi. Betri ya kawaida ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana ikijaa na kutulia husoma volti 12.6. Ili umeme uingie humo, alteneta lazima itoe volti zaidi, kwa kawaida kati ya 13.8 na 14.5. Mashine hii, iliyochukua nafasi ya dainamo kuanzia magari kama Plymouth Valiant ya mwaka 1960, huzungushwa na mkanda wa injini na kuzalisha umeme wa mkondo geu, ambao daiodi, yaani vipitishi vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, huugeuza kuwa mnyoofu. Daiodi ikivuja, betri hujimwaga usiku kucha kupitia alteneta yenyewe.

Lakini alteneta nyingi nazo hutegemea bolti zinazozishika kwenye injini ziwe ethi yao. Alteneta yaweza kutoa volti 14.4 pale ilipo na betri ikapata 13.1 tu, na hapo huuzwa alteneta nyingine, kisha betri nyingine, bila tatizo kuguswa. Kulinganisha volti za sehemu hizo mbili, injini ikinguruma na taa zimewashwa, hufichua hali hiyo kwa dakika chache. Kipimo kisichofaa kabisa ni kile cha kuchomoa terminali huku gari linaunguruma ili kuona kama litazimika. Ni mazoea ya enzi za dainamo, na leo ni hatari, kwa kuwa volti za alteneta iliyonyang'anywa betri ghafla zaweza kuruka makumi kadhaa na kuunguza kompyuta ya injini.

Magari mapya yameongeza fundo jingine. Kihisi kidogo hufungwa kwenye terminali hasi, kikihesabu mkondo unaoingia na unaotoka, na kompyuta hupandisha au kushusha volti za alteneta kufuatana na hesabu hiyo, hivi kwamba volti 12.8 huku injini ikiwaka yaweza isiwe kasoro. Ndiyo sababu anayeshtua betri ya gari la namna hiyo hutakiwa kubana waya mweusi kwenye bolti ya ethi ya bodi au ya injini, si kwenye kichwa hasi, kwani mkondo usiopita kwenye kihisi hauhesabiwi, na kompyuta hubaki ikiamini kwamba betri bado ni tupu.