Kupunguza kilo: tuanzie kwenye sahani, si kwenye chai ya kusafisha tumbo

Kwetu kunona ni habari njema. Mtu anamaliza lisansi, anapata kazi ya kuikala kwenye biro, na kisha miaka mbili watu wanamwangalia tumbo na kusema: "Sasa maisha inamuendea muzuri!" Akikonda, maswali inakuja: uko mgonjwa? Ao feza ilikosa? Njo maana mwenye anataka kupunguza kilo anafanya kwa siri na kwa haraka. Anaruka chakula, ananunua ile chai ya kusafisha tumbo. Mara nyingi chai hiyo inaharisha tu. Mzani unashuka juu maji imetoka mwilini; ukikunywa maji, kilo zinarudi.

Mbele ya yote, jua kama uko na kitu cha kupunguza. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa metre, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mwenye kilo 75 na metre 1.65 anapata 27.5. Shirika la afya la dunia, OMS, linasema kuanzia 25 uzito umepita kipimo, na kuanzia 30 ni unene wenye kuleta magonjwa. Kama uko na 22, acha kujilinganisha na picha za watu kwenye simu. Na kama unakonda bila kutafuta, usifurahi: nenda kwa munganga, inaweza kuwa kifua kikuu ao ugonjwa wa sukari.

Sasa tuje kwenye sahani. Wengi wanaacha bugali ya muhogo, wanakamata ya mahindi, eti ni nyepesi. Unga kavu wa muhogo na wa mahindi yote iko na kalori karibu 350 kwa gramu 100. Mahindi inaongeza protini kidogo, lakini kwa kilo, kinachohesabika ni ukubwa wa ule mulima wa bugali. Punguza robo, na mahali yake weka lenga-lenga ao maharagi. Sambaza ya kupika na nyanya iko na mafuta kidogo kuliko ile ya kukaanga.

Adui mwenye hatumuoni ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja, ikuwe mawese ao ya kiwanda, kina kalori kama 120. Ukiondoa vijiko mbili kwa siku, kwa mwezi ni kalori 7,200, karibu na zile za kilo moja ya mafuta ya mwili (zinahesabiwa kuwa kama 7,700). Kweli, mwili haufuate hesabu kama mwalimu wa hesabu, lakini unaona njia. Sombe haiombe kuogelea katika mawese.

Tena kuko chupa. Bia kubwa ya santilita 72 inakaribia kalori 300. Sukari ya soda haishibishi: unaikunywa, na bugali unaikula paka vilevile. Kama unataka kuanza na kitu kimoja tu, anza hapa. Haiombi feza, inakurudishia.

Kutembea, Bukavu tuko na bahati: milima yenyewe ni mazoezi. OMS inaomba mtu mukubwa dakika 150 kwa juma. Kushuka kwenye moto kabla ya kufika na kumaliza njia kwa mguu, dakika 30 kwa siku tano, inatosha. Lakini usitumaini miguu peke yake. Dakika 30 za kutembea hazifute bia moja.

Haraka iko wapi? Nusu kilo kwa juma ni mwendo mzuri. Mwenye kilo 75 akipunguza 4 tu, presha na sukari ya damu vinaweza kuanza kushuka. Jipime mara moja kwa juma, asubuhi, kwenye mzani uleule.

Nyumbani ndiyo kazi iko. Mama akipakua, kukataa ni kama kumutukana. Sema mapema, mbele chakula haijafika mezani, na ukule pamoja nao, ila kidogo. Wakisema "umekonda", waambie ni wewe umetaka.

Dada mwenye mimba ao anayenyonyesha, na mwenye anakunywa dawa za sukari ao za presha, aongee kwanza na munganga wake mbele ya kubadilisha chakula.