Mtoto Anayesomea Nyumbani kwa Sababu ya Ugonjwa



Mama mmoja alishuka kutoka milima ya Uluguru akaja kliniki na binti yake wa miaka kumi. Mtoto ana kifafa. Alianguka darasani, wenzake wakakimbia, na tangu siku ile mama alimbakiza nyumbani. Kila jioni akitoka shamba alimfundisha kusoma na kuhesabu. Mtoto alinisomea bango la ukutani bila kukosea. Kisha mama akaniuliza: "Sista, je, nakosea?"

Swali hili ni la wazazi wengi. Wengine wana watoto wenye selimundu, wengine wana watoto wenye ulemavu wa viungo ambao hawawezi kupanda na kushuka mlima kila siku. Mwaka 2020, shule za msingi zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi hadi 29 Juni kwa sababu ya korona, sisi sote tulionja ugumu wa kuwa mwalimu wa mtoto wako mwenyewe. Basi tuyatazame maswali yao moja baada ya jingine.

1. Je, inaruhusiwa?

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na kuhakikisha anahudhuria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema elimu ni haki ya mtoto. Kwa hiyo usimbakize mtoto nyumbani kimya kimya. Mwombe daktari maelezo ya maandishi, uyapeleke kwa mwalimu mkuu, na uombe jina la mtoto lisifutwe katika daftari la shule. Mwombe pia mwalimu wa darasa akueleze wamefikia wapi. Hivyo mtoto hatapata shida wakati wa mitihani wala siku atakaporudi.

2. Je, hatabaki nyuma?

Hatabaki nyuma sana kama kuna utaratibu. Mfundishe asubuhi baada ya uji, si usiku akiwa amechoka. Kipindi kiwe cha dakika 20 au 30, kisha apumzike. Akae karibu na mlango au dirisha penye mwanga. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku.

Angalieni jambo hili: baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabito, huleta usingizi. Mtoto mwenye selimundu naye huchoka upesi kwa upungufu wa damu. Msimwite mvivu wala kumchapa. Kama usingizi unazidi, mwambieni daktari, lakini msipunguze dozi wenyewe.

Mzazi asiyejua kusoma asikate tamaa. Kwa desturi zetu Waluguru, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Basi naye achukue kalamu! Kaka au dada aliye sekondari anaweza kufundisha hesabu, na katika jumuiya hakosekani mwalimu mstaafu.

3. Je, hatakuwa mpweke?

Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mtoto hujifunza mengi kwa wenzake: kusubiri zamu, kushindwa bila kulia, kupatana baada ya ugomvi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku. Mwacheni acheze nje na wenzake, kwa kadiri ya afya yake. Aende kwenye mafundisho, aimbe kwaya ya watoto. Mwenye kifafa asiachwe peke yake mtoni wala karibu na mafiga. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara na avae nguo nzito wakati wa baridi.

4. Je, afya yake itatunzwaje?

Wazazi wengi hawalifikirii jambo hili. Shuleni watoto hupewa dawa za minyoo na kichocho, na wasichana huchanjwa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilitolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mtoto aliye nyumbani hupitwa na haya yote. Mpelekeni kwenye kituo cha afya na mseme wazi kwamba hasomi shuleni.

5. Je, atarudi lini?

Nilimwuliza yule mama kuhusu dawa. Akajibu kwamba aliacha kumpa mtoto alipoona amepata nafuu, maana sasa yuko nyumbani salama. Hapo ndipo palipo na kosa. Kumfundisha mtoto hakukuwa kosa hata kidogo. Kosa ni kuifanya nyumba iwe badala ya matibabu. Nyumba haitibu kifafa. Dawa ikikatizwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo hata kufa.

Mkoani kwetu tuna funzo la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta kule Mahenge wagonjwa wa kifafa wakiogopwa na kutengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto. Akaanzisha kliniki, akawapa dawa, na wengi wakapata nafuu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu.

Basi tulimwanzishia mtoto dawa upya, na mama akaenda kwa mwalimu na maelezo haya: mtoto akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya hatari, usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika 5, mpeleke hospitali. Baada ya miezi kadhaa mtoto alianza kurudi shule, kwanza siku mbili kwa juma. Siku nyingine mama bado anamfundisha jioni.

Wapendwa wazazi, kama mtoto wako anasomea nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, endelea kumfundisha. Lakini jiulize kila mwezi: anameza dawa? Anacheza na wenzake? Mwalimu wake anajua habari zake? Na kila mnapokuja kliniki, muulizeni daktari kama wakati wa kurudi shule umefika.